Twende Bariadi, Nchi ya Manju



Mwezi huu twende Bariadi. Panda basi Mwanza asubuhi na mapema. Basi litafuata barabara ya Musoma. Utapita Kisesa. Hapo tutashuka wakati wa kurudi. Utapita Magu. Upande wa kushoto utaliona Ziwa Victoria likijitokeza na kujificha. Ukifika Lamadi, Hifadhi ya Serengeti iko karibu. Basi linakata kulia, linaliacha ziwa nyuma. Bado kilomita 70 na kidogo.

Sasa uko katika Mkoa wa Simiyu. Jina la mkoa limetokana na Mto Simiyu, ambao maji yake huingia Ziwa Victoria. Mkoa huu ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012. Wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Mkoa wa Shinyanga. Busega ilitoka Mkoa wa Mwanza. Itilima ilikatwa kutoka Bariadi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2 katika mkoa huu. Wengi wao ni wakulima na wafugaji, na wengi wao ni Wasukuma.

Ukipita mwezi wa Juni au Julai, utaona pamba. Pamba imeanikwa uani, pamba iko ndani ya magunia, pamba iko juu ya mikokoteni ya ng'ombe. Lakini leo hatukuja kutazama pamba. Tumekuja kuwatazama watu wanaotunga maneno. Huku mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa ngoma huitwa manju. Kwa Kisukuma mtunzi huitwa pia ningi.

Siku hizi mijini vijana wanaunda vikundi vya washairi. Wanakutana jioni, mmoja anasimama, anasema shairi lake mbele ya wenzake. Ni jambo zuri. Wengine wanadhani jambo hilo ni jipya, limeletwa kutoka nje. Msomaji, wewe wa Bariadi unajua kwamba si jipya. Huku watunzi wana vyama vyao tangu zamani za babu zetu.

NGOMA MBILI, UWANJA MMOJA

Wazee wanasimulia kwamba katika karne ya 19 walikuwapo watu wawili mashuhuri kwa ngoma na kwa dawa. Mmoja aliitwa Ngika, mwingine aliitwa Gumha. Kila mmoja alijiona anamshinda mwenzake. Wakashindana. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Wagika. Wafuasi wa Gumha wakaitwa Wagalu. Hao wawili walikufa zamani sana. Vyama vyao havikufa. Mpaka leo, ukimwuliza mcheza ngoma wa Usukuma yeye ni nani, atakujibu ni Mgika au ni Mgalu.

Je, wanashindanaje? Hapa sikiliza vizuri.

Mavuno yakiisha, watu wana nafasi. Pamba imeuzwa, chakula kipo. Siku inapangwa. Wagika wanakuja na ngoma zao, wanakaa upande huu. Wagalu wanakuja na ngoma zao, wanakaa upande ule. Hawangojani zamu. Wanaanza pamoja, saa ile ile, katika uwanja ule ule. Huku manju anaimba, na kule manju anaimba. Watazamaji wako katikati. Wimbo wa huku ukiwa mtamu, watu wanasogea huku. Kule wakitoa jambo jipya, watu wanageuka, wanakimbilia kule. Mashindano yanaweza kuendelea siku nyingi. Mwisho wake, mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Basi hakuna meza ya waamuzi, hakuna karatasi ya alama. Mwamuzi ni mguu wa mtazamaji. Mama aliyebeba mtoto mgongoni ni mwamuzi. Mzee mwenye fimbo ni mwamuzi. Mtoto wa shule ni mwamuzi. Manju hawezi kuwapa wote hongo. Akiimba ovyo, atabaki na wapiga ngoma wake tu.

Kwa sababu hiyo kila upande hutafuta mbinu. Wengine huja na mavazi mapya. Wengine huja na nyoka, kwa maana wako Wasukuma waitwao Bayeye ambao kazi yao ni kushika nyoka na kutibu walioumwa. Wengine hucheza na majembe, wakiyarusha juu na kuyadaka. Ngoma hiyo ya majembe huitwa bugobogobo, na asili yake ni kazi ya shamba. Na wengi hutafuta dawa ya kuvuta watu. Habari za dawa tuwaachie wenyewe. Lakini sisi tumeona jambo moja: hata mwenye dawa hufanya mazoezi ya wimbo miezi mingi. Angeiamini dawa peke yake, angelala.

MANENO YA MANJU

Wimbo wa manju una kazi nyingi. Kwanza anajitaja. Anasema yeye ni nani, ni mtoto wa nani, ametoka wapi. Kisha anamchokoza mpinzani wake wa upande wa pili. Watu wanacheka. Wakishacheka, anaingiza neno lake. Atasema habari za mvua iliyochelewa. Atasema habari za bei ya pamba. Atasema habari za kijana aliyekwenda mjini akasahau kwao. Atamsema kiongozi, wakati mwingine kwa sifa, wakati mwingine kwa fumbo.

Nyimbo nyingine haziimbwi katika mashindano. Huimbwa shambani. Vijana wanakwenda kulima shamba la mtu, wamepanga mstari, na majembe yanashuka pamoja kwa kuufuata wimbo. Mwenye shamba anawapa chakula au malipo. Nyimbo hizo nazo zina habari ndani yake. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa viliungana kuwa chama kikuu kimoja, na kiongozi wao mashuhuri alikuwa Paul Bomani wa Mwanza. Watunzi wa Usukuma waliimba habari za ushirika. Mkulima ambaye hakusoma gazeti alipata habari kwa wimbo.

Iko pia ngoma iitwayo wigashe. Jina hilo linahusu kukaa. Waimbaji wamekaa, hawaruki. Hapo mtazamaji hapotezwi na mavazi wala nyoka. Anasikiliza maneno tu. Sisi tunaipenda sana hii. Ukitaka kumjua mtunzi wa kweli, mkalishe chini umsikilize.

MANENO YANAKWENDA WAPI?

Sasa tuje kwenye jambo lenye uchungu.

Manju akifa, nini kinabaki? Ngoma yake inabaki, atarithi mwingine. Vazi lake linabaki. Lakini nyimbo zake zilikuwa kichwani. Wanafunzi wake wanakumbuka nyimbo tano, labda kumi. Baada ya miaka 20 wanakumbuka vipande. Baada ya miaka 40 linabaki jina lake tu, na wakati mwingine hata jina halibaki.

Yuko Mmarekani mmoja, Frank Gunderson, mtaalamu wa muziki. Alikuja Usukuma, akakaa na waimbaji, akaandika nyimbo za kazi. Akakusanya nyimbo zaidi ya 300. Mwaka 2010 zilitoka katika kitabu kikubwa, Kisukuma pamoja na tafsiri. Kitabu hicho kilitolewa na kampuni ya Leiden, nchi ya Uholanzi. Tunamshukuru kwa kazi hiyo. Lakini hebu fikiri, ndugu msomaji. Mwanafunzi wa Ulaya anaweza kwenda maktaba, akafungua kitabu, akasoma wimbo ulioimbwa na wakulima wa Usukuma. Na wewe uliyezaliwa hapa, wimbo wa babu yako utausoma wapi?

Siku hizi iko simu. Vijana wanarekodi ngoma kwa simu, wanapelekeana. Hilo linasaidia, lakini lina hasara zake. Simu inaharibika, inaibiwa, inajaa, na wimbo unafutwa ili kupata nafasi. Tena mtu asiyejulikana anaweza kuuchukua wimbo akauuza, na manju asipate hata shilingi. Ziko sheria za kumlinda mtunzi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ilitungwa mwaka 1999, na ofisi inayoshughulika nayo inajulikana kwa jina la COSOTA. Lakini utaonyeshaje kwamba wimbo ni wako, ikiwa hakuna mahali ulipoandikwa?

Ndiyo maana tumekuandikia wewe. Wewe umejifunza kusoma na kuandika. Manju wengi wa zamani hawakupata bahati hiyo.

WALIOKUWA NA KARATASI

Tuondoke Bariadi kidogo, twende upande wa mashairi ya Kiswahili. Huko mambo yalikuwa kinyume. Watunzi walikuwa na karatasi, lakini wengi hawakuwa na uwanja.

Mwaka 1923 serikali ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo, kila mwezi, kwa Kiswahili. Gazeti hilo lilichapa mashairi ya wasomaji. Mtu alituma shairi, na mwingine wa mbali alimjibu kwa shairi. Waliweza kujibizana hivyo miaka mingi bila kuonana uso kwa uso. Baadaye Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha Malenga Wetu, na mashairi yakasikika mpaka vijijini.

Mwaka 1959 watunzi waliunda chama chao. Kiliitwa UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Mathias Mnyampala. Huyu hakuwa mtu wa pwani. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, nchi kavu kama Simiyu. Kiswahili alijifunza, na ushairi akaujua hata watu wa pwani wakamheshimu. Basi asikudanganye mtu kwamba shairi ni la watu wa Tanga na Unguja peke yao.

Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi wasaidie kuwaeleza wananchi Azimio la Arusha, lililotangazwa mwaka 1967. Mnyampala alitumia ngonjera. Ngonjera ni shairi la watu wawili au zaidi wanaojibizana. Mmoja hajui au anapinga, mwingine anaeleza. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilichapwa baada ya kifo chake. Ngonjera zikaenea katika shule zote. Bila shaka umeziona. Watoto wamejipanga mbele ya mgeni, wanasema kwa sauti moja, wanainama, wanapigiwa makofi.

Tuseme kweli. Ngonjera nyingi za kumpokea mgeni zimepoa. Kwa nini? Kwa sababu mshindi anajulikana kabla hawajaanza. Yule anayepinga amepangwa ashindwe. Na mgeni atapiga makofi hata kama shairi ni baya. Mweke mtoto huyo katika uwanja wa Wagika na Wagalu, uone kama watu hawatamkimbia!

Hata mashindano ya ngoma siku hizi yanaingizwa katika matamasha. Mwaka 2019 lilifanyika Bariadi tamasha la Simiyu Jambo, likawa na mbio za baiskeli na mashindano ya Wagika na Wagalu. Matamasha yanaleta wageni na zawadi, nasi hatuyapingi. Lakini manju wa tamasha anajua aliyetoa zawadi amekaa wapi, naye anaweza kuanza kumwimbia yeye. Manju wa uwanjani anawaimbia watu wote. Wakati wa uchaguzi ni hivyo hivyo. Manju akilipwa na mgombea, wimbo wake una mwenyewe tayari.

ANZENI KIJIJINI KWENU

Labda unasema, "Sisi kijijini kwetu hatuna ngoma kubwa." Haidhuru. Kuanza si kazi ngumu, na hakuhitaji fedha nyingi.

Kwanza mtafuteni mpinzani. Watu wengi wakitaka kuunda kikundi, wanaanza na mwenyekiti, katibu na mhazini. Ngika na Gumha hawakuanza hivyo. Gaweni kijiji pande mbili, au kitongoji chenu kishindane na kitongoji jirani. Pangeni siku moja katika mwezi ambayo haibadiliki. Miezi ya kiangazi ni mizuri zaidi. Mwezi wa Novemba na Desemba watu wanapanda pamba, msiwasumbue. Mwambieni mtendaji wa kijiji mapema, hasa kama mtakaa mpaka usiku. Afisa utamaduni wa wilaya naye apewe habari.

Pande zote mbili zianze na watu wanaosema, si wanaoruka. Kaeni chini kama katika wigashe. Anayetaka aimbe kwa Kisukuma. Anayetaka aseme shairi kwa Kiswahili. Watazamaji wasipige kura kwa mikono. Wainuke waende upande wanaoupenda.

Kubalianeni mapema juu ya matusi. Kumchokoza mpinzani kunaruhusiwa, ndiyo raha yenyewe. Lakini kutaja ugonjwa wa mtu, kifo cha mtoto wake, au kumwita mtu mchawi, hapana. Katika nchi yetu neno hilo la uchawi limewaua vikongwe wasio na kosa. Mtunzi atakayelitumia atoke uwanjani siku hiyo.

Kina mama wasiachwe nyuma kupika tu. Nani anajua nyimbo nyingi kuliko mwanamke aliyelima, aliyetwanga na aliyebembeleza watoto? Mpeni nafasi aseme, tena asipewe ya mwisho wakati watu wamechoka.

Na shairi la Kiswahili linatungwaje? Kanuni zake ni nyingi, lakini mwanzo wake ni kuhesabu. Mstari mmoja wa shairi la kawaida una vipande viwili. Kila kipande kina mizani nane, yaani sauti nane. Tazama mstari huu:

Jembe lako lipo wapi, shamba lajaa magugu

Hesabu kwa vidole: je-mbe-la-ko-li-po-wa-pi. Umepata nane. Endelea: sha-mba-la-ja-a-ma-gu-gu. Nane tena. Kipande cha kwanza kimeishia na pi, cha pili kimeishia na gu. Hivyo ni vina. Mistari minne ya namna hiyo ni ubeti mmoja. Mstari wa pili ni wako. Kipande cha kwanza kiishie na pi, cha pili kiishie na gu. Ukipata mistari mitatu ya kuongeza, umetunga ubeti.

Mkitaka ngonjera, chagueni jambo ambalo kijiji hakijakubaliana. Kwa mfano, mwaka huu tuongeze pamba au tuongeze mtama? Mmoja awe upande wa pamba. Aseme habari za ada za shule, za bati, za ng'ombe wa kununua. Mwingine awe upande wa mtama. Aseme habari za bei iliyoanguka na ghala lililo tupu mwezi wa Februari. Wote wawili waseme kweli. Msipange nani atashinda.

Na katika kila kikundi awepo mtu mmoja wa daftari. Huyo ndiye tunayemtafuta. Si lazima ajue kuimba. Baada ya ngoma amfuate manju, amwombe auseme wimbo polepole. Manju wengi wanajisikia vizuri kuombwa hivyo. Aandike kwa Kisukuma kama ulivyosemwa, asiutafsiri kwanza. Juu aandike jina la mtunzi, kijiji na mwaka. Chini amsomee, naye arekebishe. Daftari moja abaki nalo manju mwenyewe. La pili liwekwe shuleni, mbali na mchwa na mvua.

Usisahau wazee. Ukimkuta babu kivulini, mwamkie kwanza. Kisha sema, "Babu, wakati wa ujana wako nani alikuwa manju hapa?" Usimwulize moja kwa moja habari za nyimbo. Atakutajia mtu. Atakuambia mtu huyo alivyoshinda mwaka fulani, na aliyemshinda ni nani. Atacheka. Halafu ataimba bila kuombwa. Kalamu iwe tayari.

TUSHUKE KISESA

Wakati wa kurudi Mwanza, shuka Kisesa. Umebakiza kilomita 20 hivi kufika mjini. Uliza njia ya Bujora. Huko padri mmoja kutoka Kanada, David Clement, alianza kazi miaka ya 1950. Alizipenda ngoma za Kisukuma, akakusanya vitu vya kale, na mahali hapo pakawa Makumbusho ya Wasukuma. Liko jengo lililowekwa kwa ajili ya vyama vya ngoma, Wagika na Wagalu. Utaona ngoma na mavazi yao. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Juni, hufanyika hapo sikukuu ya Bulabo, na vyama hivyo hushindana mbele ya watu wengi.

Nenda na daftari lako. Mwenyeji akimaliza kukuonyesha ngoma hizo, mwulize kila moja ilipigwa na nani, na mtu huyo aliimba nini. Andika atakachokumbuka.